Fungu Limejaa

Southall, 13 Septemba 1970

Kaka Msabaha,

Shikamoo. Kabla hujaniuliza kwa nini nimekaa miezi sikuandika, jawabu ni moja: nimechoka. Kiwandani Hayes tunasimama tangu alfajiri mpaka miguu si yangu tena, na nikirudi nyumbani sahani za jana zinaningoja. Baba Zuwena anabeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege, zamu yake haikubaliani na yangu. Tunaonana mlangoni, yeye anatoka mie naingia. Mama angelikuwa hai angesema nimeolewa na mlango.

Lakini leo nina habari ya kheri, na uchovu nimeuweka kando kwanza nikupe.

Nilikwambia kuwa mbele ya nyumba yetu, ng'ambo ya barabara, pana skuli. Kengele yake naisikia jikoni. Wiki iliyopita nikampeleka Zuwena kumwandikisha. Jirani yangu Avtar alinisindikiza. Huyu ni mwanamke wa Kisingasinga wa Nairobi, babake alikuwa fundi wa reli, na Kiswahili chake ni hicho hicho cha reli, anasema "hii mtoto" na "ile mama", lakini moyo wake mzuri sana. Basi karani wa kizungu akamtazama mtoto, akatazama karatasi zake, akasema hapa hakuna nafasi, ila serikali itampeleka skuli nyingine mbali, huko kwenye nyumba zenye bustani mbele na nyuma. Na basi litamfuata kila asubuhi na kumrudisha jioni, bure.

Kaka, machozi yalinilenga. Nilikumbuka Mkokotoni, ulipochaguliwa wewe peke yako, na lori ya serikali ikaja kukuchukua kwenda skuli ya mjini. Baba alichinja mbuzi. Mie nikakimbia nyuma ya lori mpaka kanga ikanivuka. Waliobaki ndio waliosoma karibu na kwao. Nikamshika karani mkono kwa mikono miwili, nikamshukuru mpaka akaona haya.

Jumamosi nikapika visheti na sambusa, nikafukiza udi, nikawaita majirani wote wa mtaa huu, Wahindi na Wajamaika na yule bibi wa Kiayalandi wa nyumba nambari mbili. Nikawaambia binti yangu kachaguliwa. Wakala, wakamwekea Zuwena mkono kichwani. Avtar alikula kisheti kimoja tu, akasema tumbo linamsumbua.

Mwambie wifi. Mwambie na binti yako Thuwaiba, mwambie mtoto wa shangazi yake kafuata nyayo za mjombake. Na yeye je, mtihani wake umekwendaje?

Mdogo wako,
Suad


Unguja, 8 Novemba 1970

Mdogo wangu Suad,

Marahaba. Barua yako ilifika imefunguliwa na kubandikwa tena, kama kawaida, lakini visheti vyako nimevisikia harufu. Hongera. Mwambie Zuwena mjomba wake amefurahi.

Umeuliza habari za Thuwaiba. Nitakueleza kwa utulivu, maana nina wasomaji wengine.

Majina ya kuingia sekondari yametoka. Siku hizi, pamoja na mtihani, kila kabila limewekewa fungu lake, na fungu letu sisi Wangazija ni dogo, linajaa upesi. Mimi ndiye mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ndiye asomaye majina. Wazee hukaa uwanjani chini, watoto husimama mbele, nami husimama barazani na karatasi. Nimefanya hivyo kila mwaka na kila mwaka kuna mtoto ninayempita.

Thuwaiba alikuwa wa kwanza katika darasa lake. Nilijua tangu jana yake kuwa jina lake halimo. Nikasoma mpaka mwisho, nikakunja karatasi, nikawapa mkono wazee waliopata, nikawapa mkono na wasiopata. Nilipofika nyumbani nilimkuta anasugua masufuria. Hakulia wala hakuniuliza kitu. Tangu siku hiyo anasugua masufuria yaliyo safi.

Suad, barua yako amekuwa akiisoma kila siku, mpaka mikunjo imechanika. Juzi kaniuliza: "Baba, huko wanatazama kichwa cha mtu tu?" Nikamwambia ndiyo, si umeona, Zuwena mtoto wa juzi kafuatwa na basi mlangoni.

Nataka umchukue. Mamake ameridhia, na wajua haikuwa kazi nyepesi. Nimeshaanza kutafuta ruhusa. Ikipatikana itapatikana mara moja na haitarudi tena. Lakini sitamtuma bila ya kauli yako. Niambie kweli kama skuli hizo ni kama ulivyoandika, nami nitamaliza hapa.

Nduguyo,
Msabaha


Southall, 18 Januari 1971

Kaka,

Nimekaa na barua yako mwezi mzima chini ya mto. Kila nikiishika kalamu naona aibu. Sasa naandika, na naomba ukae kitako usome mpaka mwisho.

Usimtume mtoto kwa ajili ya barua yangu.

Mwezi wa Disemba Zuwena alishikwa na homa akiwa skuli. Wakatuma habari kiwandani nikamchukue, maana basi halirudi mpaka saa yake, hata mtoto awe anakufa. Mie sijawahi kufika huko. Nikapanda mabasi mawili, nikapotea, nikauliza, nikafika nimelowa mpaka mifupa. Skuli nzuri, sisemi uongo, ina majani na miti. Lakini watoto wetu hawamo ndani. Wamejengewa banda la mbao nyuma, wamo wao kwa wao, watoto wa Southall watupu. Wakati wa kucheza, wenyeji upande huu, wetu upande ule. Zuwena nilimkuta kwenye benchi peke yake, na koti kavaa. Alinijibu kwa Kiingereza kuwa huvaa koti siku nzima ili awe tayari basi likija.

Niliporudi nilikwenda kwa Avtar, nikamwambia niliyoyaona. Akavuta kiti nikae. Akasema, "Mama Zuwena, hii basi si zawadi. Wazungu ya hapa walifanya mkutano, wakasema watoto yetu imekuwa mingi sana. Basi wakubwa wakasema kila skuli iwe na kipimo. Kikijaa, hii mtoto anapelekwa mbali, atawanywe."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile kwa karani. Akanijibu, "Ulikuwa umefurahi sana. Halafu ukapika."

Kaka, nilitamani ardhi inimeze. Majirani wote wale walikuwa wanajua. Watoto wao wamo katika basi lile lile. Walikula visheti vyangu na kumbariki mtoto, hakuna hata mmoja aliyenicheka, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo huku nako kuna mafungu. Hawayaiti hivyo, wanayasema kwa sauti ya upole na kikombe cha chai, lakini ni yale yale. Mtoto wako asivuke bahari kuja kuachwa tena. Mtafutie mwalimu wa nyumbani, mtafutie cherehani, lolote. Nisamehe.

Baba Zuwena ananiambia posta watagoma wiki hii. Nakimbia kuitia hii kabla hawajafunga.

Suad


Unguja, 16 Februari 1971
(inachukuliwa na Thuwaiba)

Mdogo wangu,

Redio imesema posta ya kwenu imegoma, basi sijui kama umeandika au hukuandika. Ruhusa imetoka ghafla. Wamempa Thuwaiba siku chache za kuondoka, na aliyeitia sahihi anahamishwa mwisho wa mwezi. Tukingoja, hatutaipata.

Kwetu bibi arusi akiulizwa akanyamaza, kadhi huandika kuwa amekubali. Nami nimekuuliza ukanyamaza. Nimeandika kuwa umekubali.

Anajua kupika wali, hajui kupika mchuzi. Baridi haijui. Usimwache asugue masufuria.

Yeye sasa ni amana yako.

Nduguyo,
Msabaha


Southall, 14 Machi 1971

Kaka Msabaha,

Shikamoo. Posta imefunguliwa, na sijui barua zetu zitafika kwa mpango gani. Ya Januari ikikufikia, isome kwanza.

Mwanao amefika salama. Muuguzi mmoja Mkenya aliyekuwa naye ndegeni alimleta mpaka mlangoni. Kavaa koti la mtu mzima, mkononi kikapu cha ukili, ndani yake karafuu, barua yako, na ile barua yangu ya visheti iliyochanika mikunjo. Nilimkumbatia. Kunyamaza kwangu hakukuwa kukubali, kaka. Barua yangu ilikuwa imelala katika gunia la posta.

Nikampeleka kumwandikisha. Tuliyoambiwa unaweza kuyakisia. Skuli ya karibu fungu la wageni limejaa, atakwenda kwa basi. Karani alikuwa yule yule, na safari hii mimi ndiye niliyeona haya. Nikageuka kumtazama Thuwaiba. Uso umemng'aa. Akaninong'oneza, "Basi gani, Shangazi, lile la Zuwena?" Nikamwambia ndilo hilo.

Sikuweza kumwambia kweli. Wewe ungeweza? Usiku wake alipiga pasi yunifomu mara mbili. Asubuhi alimwambia yule bibi wa Kiayalandi, kwa Kiingereza chake cha kitabuni, kuwa amechaguliwa. Bibi wa watu akaniangalia mie, akamwambia mtoto hongera.

Sasa sikiliza lililobaki. Tarsem, mume wa Avtar, amewakusanya wazazi kwenye hekalu lao. Tumechoka. Watoto wanatapika njiani, wanapigwa huko wafikako, wakiumwa hatuwezi kuwafikia. Tumekubaliana kuwa baada ya likizo ya Pasaka, Jumatatu ya kwanza, hakuna mtoto atakayepanda. Tutakwenda nao mpaka geti la skuli ya hapa, tusimame. Zuwena hatapanda, hilo nimeshaapa.

Lakini Thuwaiba karatasi zake ni za mwanafunzi. Asipohudhuria skuli aliyopangiwa, wanaweza kumrudisha kwenu. Na akirudi, atarudi kufanya nini? Na nikimzuia asipande, lazima nimwambie lile basi ni kitu gani.

Wewe ndiye babake. Nimwambie, nisimwambie? Apande, asipande?

Suad


Unguja, 6 Aprili 1971

Mdogo wangu,

Barua zako mbili zilinifikia siku moja, ya Januari na ya Machi. Nilizisoma kwa mpango, kwanza ya zamani. Nilipomaliza nilicheka, mpaka wifi yako akatoka jikoni kutazama kuna nini. Tumemtoa mtoto hapa kwa haraka na kwa taabu kulikimbia fungu, nalo limeshatangulia linamngoja London.

Kisha sikucheka tena.

Jawabu yangu ni hii. Apande. Hapa hakupewa kiti. Huko amepewa, ingawa mbali na ndani ya banda. Kiti ni kiti. Yeye akae asome, mengine ayaache nyuma ya dirisha. Wewe na Zuwena fanyeni mnavyoona, nyinyi mna makaratasi ya kusimamia.

Na usimwambie. Mimi kila mwaka nasimama barazani nawaambia watoto kweli, kweli iliyoandikwa na kupigwa muhuri, na sijaona mtoto iliyemnenepesha. Nimechoka nayo. Mwache wangu mmoja aamini kuwa amechaguliwa. Mwambie wengine wanagoma kwa mambo yao, yeye basi lake ni la heshima. Nakutwika uongo, najua. Ubebe kwa ajili yangu.

Msabaha


Southall, 20 Juni 1971

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuomba msamaha kwa kuchelewa kukuandikia barua ndefu. Nilikuwa nangoja niwe na la kweli la kukwambia.

Jumatatu ile ya mgomo, Shangazi alitufunga vitambaa vya kichwa mimi na Zuwena, tukaenda kwenye kona basi linaposimama. Wazazi wote walikuwepo, na jirani yetu Avtar kavaa shali yake nyekundu. Basi likaja, mlango ukafunguka, hakuna aliyesogea. Shangazi akanivuta pembeni. Akaniambia, "Wewe panda, mwanangu. Hawa wana mambo yao. Lako ni la heshima, wewe umechaguliwa." Alikuwa ananitazama viatu.

Nikamwambia, "Shangazi, najua tangu siku ya kwanza."

Baba, nilijua nilipokanyaga ngazi ya lile basi. Nilitazama viti, nikatazama nyuso, hakuna mtoto mmoja wa Kizungu. Halafu basi likapita mbele ya skuli ya karibu, geti liko wazi, watoto wanaingia kwa miguu. Mimi ni binti wa mwalimu mkuu, nalijua fungu nikiliona. Sikumwambia Shangazi kwa sababu alikuwa ameshanipikia visheti.

Shangazi alikaa pale pale ukingoni mwa barabara, akafunika uso kwa ushungi, akalia mbele za watu. Dereva akangoja. Kisha akafunga mlango, basi likaondoka tupu. Tukavuka barabara, tukasimama kwenye geti. Mwalimu wao alitoka kututazama, akarudi ndani. Tulisimama vile vile kesho yake na kesho kutwa, na mvua ikatunyeshea.

Sitaki nikudanganye kuwa tulishinda. Kabla wiki haijaisha kina mama walianza kurudi kazini mmoja mmoja, maana viwanda havingoji mtu. Mimi nililetewa karatasi ya onyo kuwa nisiporudi skuli yangu nitarudishwa kwetu. Shangazi aliisoma, akaenda kuweka maji ya chai. Jumatatu ya pili tukapanda, mimi na Zuwena na wote. Tarsem anasema watajaribu tena. Huenda. Watu hapa wamechoka sana, Baba, na waliochoka zaidi ndio hao wanaosema watajaribu tena.

Nakaa kiti cha mbele pamoja na wadogo wanaotapika. Nawashikia mfuko wa karatasi, nawafundisha hesabu za kichwa njiani. Bandani mwalimu wetu ni mtu mwema, na nimempita katika jiografia ya Afrika. Nasoma. Kuhusu hilo usiwe na wasiwasi.

Shangazi amenionyesha barua yako ya Aprili. Mimi ndiye niliyemlazimisha, usimkasirikie. Umeandika kuwa hujaona mtoto aliyenenepeshwa na kweli. Sasa nitakwambia jambo ambalo sikukwambia siku ile nikisugua masufuria.

Uliposoma majina barazani, nilikuwa nimesimama mstari wa pili. Uliposoma la mwisho katika fungu letu, nikajua limejaa na simo. Hilo halikuniumiza sana, nilikuwa nimeshasikia minong'ono. Nilichokuwa nangoja ni wewe. Nilisema moyoni, hapa Baba atasita. Atashusha karatasi kidogo, au atakohoa, au atanitazama mara moja. Hukusita. Ulivuka pale pahala pangu kwa sauti ile ile, ukaendelea na fungu la wengine.

Shangazi hakunidanganya vizuri, alishindwa hata kunitazama usoni, akaishia kulia barabarani. Na mimi niliona raha, Mungu anisamehe, kuwa kuna mtu aliyeshindwa kuvuka.

Sikulaumu. Najua una watoto wengine wa kulisha na wasomaji wengine wa barua. Lakini mwaka huu ukisimama tena na karatasi, ukifika pahala ambapo jina la mtoto lilitakiwa liwepo na halipo, usite kidogo. Kidogo tu. Atakuwa anasikiliza.

Nimekutumia soksi za sufu, ingawa najua hutazivaa.

Binti yako,
Thuwaiba


Unguja, 21 Novemba 1971

Binti yangu Thuwaiba,

Marahaba, mwanangu. Soksi nazivaa usiku, mamako ananicheka.

Majina yalitoka juzi. Nilisimama barazani kama kawaida. Nilisoma vizuri mpaka nikafika mwisho wa fungu letu. Palikuwa na mtoto wa yule mshona kofia wa Mkunazini, msichana, mstari wa mbele, na jina lake halimo. Nilimwona ananitazama mdomo.

Nikasita.

Nilikusudia kusita kidogo tu, kama ulivyoniomba. Lakini nilipotaka kuendelea sauti haikuja. Nilisimama na karatasi mkononi. Wazee wakadhani nimebanwa na kifua, mmoja akaniletea maji. Nikayanywa, nikajaribu tena, ikawa vile vile. Naibu wangu akaichukua karatasi mkononi mwangu akamalizia yeye. Mtoto wa mshona kofia alikuja baadaye kunishikia mkono mpaka ofisini, ananiuliza kama naumwa.

Walikuwepo watu wa wizara. Kuanzia mwakani atasoma mtu mwingine, na mimi nahamishiwa skuli ya shamba, Mkokotoni, kule kule lori ya serikali iliponichukua. Nitakwenda kwa basi. Mwambie shangazi yako, najua atacheka.

Babako,
Msabaha